Siku Évariste Alipoondoa Tanga la Hlim

Évariste, fundi cherehani wa soko la Yeoville, ni mtu mpole, na mtu mpole akishikilia jambo humng'oi hata kwa greda. Meza yangu ya kanga imepakana na cherehani yake, kwa hiyo ugomvi wake na mchumba wake Murielle niliusikia wote bila kuomba. Murielle, msusi, Mkongo mwenzake, alitaka ndoa. Évariste naye alitaka ndoa, ila alisema haoi mpaka mama wa marehemu mkewe amfungulie.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nilimwambia. "Kwetu Tanga mwanamke hukaa eda, ikaisha. Wewe mwanamume unakaa nini?"

"Kwabo iko hivyo, Mama Naseeb," akajibu. "Kama mama yake hajaachisha kaburi, mi niko bado bwana wa Hlim."

Mkewe huyo Hlim alikuwa Mbahnar wa milima ya kati ya Vietnam, aliyeletwa hapa kufanya kazi katika duka la kucha ng'ambo ya barabara. Jina lake lilitushinda wote isipokuwa Wazulu, ambao hiyo hl wanazaliwa nayo. Évariste alijifunza kulitamka kwanza ndipo akathubutu kumsalimia. Walianza na Kiingereza cha kuungaunga, kisha kila mmoja akavutwa na lugha ya mwenzake. Mimi nilidhani Kibahnar ni Kivietnamu tu. Hlim alinicheka. Kivietnamu, alisema, sauti hupanda na kushuka na neno likageuka maana. Chao hakina mambo hayo. Chao kina irabu ndefu na fupi, pumzi inayoachiwa mwishoni mwa neno, na b na d za kuvutwa ndani. Akanitajia maji, đak, nami nikarudia mara moja, maana d yake ilikuwa ileile ya dada. Alinikumbatia. Wateja wake wa Sandton, mtaa wa matajiri, hawakuipata hata siku moja.

Maradhi ya mapafu yalimchukua kabla hawajajaliwa mtoto. Évariste akafuata desturi ya kina Hlim: kila Jumapili alipeleka wali na maji kaburini, kama anayemtunza mgonjwa. Hufanywa hivyo mpaka siku ya kuacha kaburi. Siku hiyo watu humlisha maiti kwa mara ya mwisho, humuaga waziwazi, hugeuka na hawarudi tena. Sisi tungesema wameondoa tanga. Lakini mwenye ruhusa alikuwa mama mkwe, na huyo kila akipigiwa simu alikuwa na udhuru: mara mpunga haujavunwa, mara mvua, mara goti.

Murielle akachoka. "Pasaka ikipita, naenda Cape Town kwa dada yangu," alisema, na hakuwa anatania, maana alishaanza kuwagawia wenzake wateja.

Évariste akampigia mama mkwe, akamweleza yote bila kuficha. Bibi akakubali kwa sharti moja: maneno ya kuaga ayaseme Évariste mwenyewe, kwa Kibahnar, juu ya kaburi, naye asikilize kwenye simu.

"Niko naogopa," Évariste aliniambia. "Mi nilifundishwa na Hlim tu, hapa pa cherehani; kwa simu inatosha, kwa kaburi sijui. Nikiharibu ile maneno, belle-mère atakataa, na Murielle ataenda."

Aliniomba nikamshikie simu. Tulikwenda Jumapili asubuhi, yeye na bakuli la wali, mimi na roho mkononi. Upande wa pili mjukuu wa bibi alikuwa akichekacheka kabla hata Évariste hajafungua mdomo. Évariste alipiga magoti akaanza kusema, polepole, na jasho linamtoka. Mjukuu aliacha kucheka. Alipomaliza, simu ilikuwa kimya kabisa. Nikajua mambo yameharibika, nikaanza kutafuta namna ya kumwambia Murielle.

Kisha nikamsikia bibi analia. Alisema maneno mengi, na Évariste akainamisha kichwa akisikiliza.

"Anasema naongea kama Hlim," alinieleza. "Mulemule, hakuna tofauti."

Wabahnar, kumbe, kila upande wa milima una lahaja yake. Bibi ni wa Jolong, wa juu milimani, na aliteremka kuishi karibu na mji wa Kon Tum, ambako husema kwa namna nyingine. Wajukuu wamefuata usemi wa mjini, na shuleni ni Kivietnamu. Aliyekuwa akisema kama mama yake ni Hlim peke yake. Hapo niliguswa. Bibi yangu alisema Kimtang'ata cha kwetu Tanga, mimi nimebaki na vipande, na Naseeb wangu namsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu.

"Alikuwa anachelewesha juu aliogopa," Évariste akaendelea. "Ati nikiisha kufunguliwa, sitapiga tena simu, na ile lugha hataisikia tena."

Akamgeukia tena bibi, akamwahidi kwamba kila Jumapili, badala ya kuleta wali, atampigia yeye. Bibi akapenga kamasi, tukamsikia, akatamka maneno ya kufungua. Évariste aliumwaga wali, akalifudikiza bakuli, tukaondoka. Mimi mbeya wa kuzaliwa nilitamani kugeuka, nikajizuia. Nililia mpaka getini na sioni haya kusema.

Harusi ilifungwa kabla ya Pasaka, na pilau nilipika mimi. Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani kwangu Évariste alipopiga simu. Bibi akataka kumsikia mke mpya. Murielle alijua neno moja tu, alilofundishwa na mumewe asubuhi ile. Akasogea, akavuta ile d ndani kama Mswahili yeyote, akasema đak.

Bibi akajibu. Murielle akamtazama mumewe kwa wasiwasi.

"Anasema nini?"

"Anasema, mwanangu, sema tena."