Maneno Aliyoyapanga Hudhaifa

Hudhaifa, fundi wa redio na televisheni hapa Konde, ni jirani yangu na nampenda, lakini kwa kujifanya anajua kila kitu hana mfano. Mkewe, Mwanapili, alipigwa na kiharusi. Ulimi ukafa pamoja na mkono mmoja, na ule uliobaki ukawa unatetemeka. Simu ilimshinda, akigusa herufi moja, zinatoka nne. Basi Hudhaifa akatoa uvunguni kompyuta ya zamani aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati, zile ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, na vitufe vyake vigumu vya kubonyeza hasa. Akaichomeka kwenye televisheni kwa waya wa antena, kisha kwenye redio ya kaseti, kwa sababu programu zake huwekwa kwenye kaseti.

Akaiandikia programu, kila kitufe kitoe neno zima: MAJI. CHAI. NAUMWA. ALHAMDULILLAHI. Maneno yote aliyachagua yeye. Mwanapili akibonyeza MAJI, akiletewa anayasukuma. CHAI, anaisukuma. Hudhaifa akaongeza UJI, akaongeza FENI, mwisho akakasirika.

"Bi Khairiya, huyu hajui alitakalo."

"Weye ulimuuliza, au umempangia?" nikamjibu. Akaninunia siku nzima.

Siku moja umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ile ikizimika husahau yote, mpaka kaseti ipigwe upya. Hudhaifa alikuwa msikitini, nami nimekaa na mgonjwa. Vitufe vilikuwa vimerudia herufi zake tu. Mwanapili akaanza kubonyeza polepole, jasho likimtoka. Mumewe alipoingia alikuta neno moja kwenye televisheni: KWETU.

"Kwenu si hapa?" akauliza.

Mwanapili akabonyeza tena. PANZA. Ndiko alikozaliwa, Kisiwa Panza, kusini kabisa. Hudhaifa akakaa sakafuni, na siku ile nilimwonea huruma kweli.

Alimpeleka. Aliporudi peke yake, mfuko wa kompyuta begani, nikamuuliza mbona hakuwaachia kompyuta ndugu za mkewe.

"Sikuitoa hata mfukoni, Bi Khairiya. Dada yake alimtazama usoni tu, akamgeuza ubavu, akamfunika miguu. Akalala mke wangu, usingizi ambao kwangu hajaulala tangu augue." Akafuta macho kwa kiganja. "Miaka yote nnaishi naye, na mie nimehitaji televisheni kumjua alitakalo."