Mlipuko wa Saba

Habari ya kifo chake niliipata dukani, katika lile duka la vitambaa na karatasi la mzee wa Kihindi ninakonunua wino tangu nihamie Shinyanga mjini. Ilikuwa karibu na saa yake ya kufunga kwa chakula cha mchana, na tayari alikuwa ameshateremsha ubao mmoja wa dirisha. Aliponiona akauacha ule wa pili, akaniambia kwamba asubuhi ile ndugu wa yule rafiki yangu wa baruti walifika kununua sanda. Alipima kitambaa yeye mwenyewe, hakutaka mfanyakazi wake apime. Kisha akasema, "Pole sana, Mwalimu. Alikuwa mtu wa kukutazama usoni." Nilimshukuru, nikatoka bila wino. Nilisimama barazani pake barabara yote ikiwa imetulia kama inavyotulia saa ile maduka yakifungwa, na nikaona aibu ya zamani imenirudia yote, kana kwamba haikuwahi kwenda popote.

Wasomaji wangu mnanijua kwa ugomvi wangu na kelele. Mmenivumilia nikiwasema wenye mashine za kusaga, wenye maduka ya kanda wanaoweka spika mlangoni na kuzielekeza kwa jirani, na wale madereva wa mabasi ya Mwanza wanaopiga honi kuaga kila mti. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba nazeeka kabla ya wakati. Huenda. Lakini ugomvi huu una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni mtu huyu tuliyemzika Alhamisi. Sitamtaja jina, maana hakupenda kutajwa, na hata kule machimboni kila mtu alimwita Fundi tu.

Mwanzoni mwa muongo huu, kabla sijashika chaki na kabla sijashika kalamu hii, nilikuwa karani katika duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Geita. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kashuka na nani kapanda. Fundi ndiye aliyekuwa mtu wa baruti. Wachimbaji walitoboa matundu kwenye mwamba kwa moko, ile patasi ndefu ya chuma, na nyundo, kwa kawaida matundu saba, kisha yeye akashuka peke yake, akayashindilia baruti, akakata tambi za kuwashia kwa urefu tofauti ili milipuko ifuatane badala ya kuja kwa pamoja, akawasha, akapanda juu. Kilichofuata ndicho kilichokuwa kazi yenyewe, kwa maoni yangu. Ilibidi kuhesabu. Ukiwasha saba ukasikia saba, unangoja moshi utoke, watu wanashuka. Ukisikia sita, hakuna anayeshuka siku hiyo, kwa sababu chini kuna tundu moja lenye baruti nzima, na mtu atakuja kulipiga nyundo bila kujua.

Ili hesabu iende sawa, pale machimboni palikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Fundi akichomoza kichwa kutoka shimoni hupuliza filimbi, na kila kitu kinanyamaza. Karasha la kusagia mawe linazimwa. Kina mama wanaoponda mawe wanaweka mitwango chini. Mama lishe anazima redio. Mahali ambapo mchana kutwa ilibidi useme kwa kupiga kelele ili uombe chumvi, ghafla unasikia nzi, unasikia sufuria ikichemka, unamsikia mwenzako akipumua. Zilikuwa dakika za hatari, lakini kusema kweli tulizipenda. Nimewaona watu wakifumba macho wakizila zile dakika kama mtu anavyokula muwa. Mimi mwenyewe nilijifunza pale kwamba kimya kina utamu, na kwamba mtu anaweza kuukosa mpaka asahau kwamba anaukosa.

Katika dakika hizo Fundi alikuwa na mambo yake mawili. Kwanza alivua kandambili, akasimama peku. Tulidhani ni masharti ya dawa, na hatukumuuliza, kwa kuwa machimboni kila mtu ana masharti yake. Pili, alisimama akinielekea mimi. Kila mlipuko ukilia nilichora mstari mmoja kwenye daftari, na yeye akakunja kidole kimoja. Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani ananipenda kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeruhusiwa kwenda nyumbani kwa basi la saa nane. Begi langu lilikuwa miguuni. Filimbi ikapulizwa, kimya kikaja, milipuko ikaanza. Moja, mbili, tatu, kila mmoja na mstari wake. Wa sita ulipolia nilikuwa nimeshaanza kufikiria siti ya dirishani, na mkono wangu, uliozoea saba kila siku, ukachora mstari wa saba wenyewe. Sikusikia kitu. Nilichora tu. Fundi akakunja kidole cha saba, akangoja kidogo, akapuliza filimbi ya pili. Karasha likawashwa. Moshi ulipopungua, watu watano wakaanza kufunga kamba viunoni.

Mama mmoja mponda mawe akaja mpaka mdomoni mwa duara, vumbi limemjaa kope. Akamwambia mwenye duara kwamba yeye amesikia sita. Mwenye duara akanigeukia, akaniuliza daftari linasema ngapi. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilijua nimechora bila kusikia. Lakini nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, na mbele yangu alikuwa mama asiyejua kusoma, na daftari lilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Saba."

Mwenye duara akamgeukia Fundi ili aamue. Fundi alikuwa ananitazama mimi usoni, kisha akatazama nyayo zake. Halafu akaenda akasimama juu ya kamba ya wale watano, akasema kwa ile sauti yake kubwa ambayo siku zote tulidhani ni ya ukali:

"Msishuke. Mimi sisikii. Mwaka wa pili sasa sisikii kitu. Nahesabu kalamu ya karani. Leo kalamu imesema saba, miguu yangu imesema sita."

Hakuna aliyecheka wala kumlaumu. Karasha lilizimwa tena bila mtu kuamrisha. Yule mama aliyesema sita akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa khanga. Fundi akavaa kandambili zake taratibu, moja kisha nyingine, kama mtu aliyemaliza kazi. Na kweli alikuwa amemaliza, kwa kuwa mtu wa baruti asiyesikia hana duara litakalompokea, na yeye alilijua hilo kuliko sisi wote. Kwa miaka miwili aliificha siri hiyo ili alishe nyumba yake, na aliitoa mwenyewe, mbele za watu, kwa ajili ya watu watano ambao mimi nilikuwa tayari kuwashusha ili daftari langu lisionekane limekosea. Kesho yake aliletwa fundi mwingine, akashuka, akalikuta tundu la saba na baruti yake nzima. Utambi ulikuwa umezimika njiani. Fundi wetu alikwisha ondoka asubuhi na mkeka wake. Mimi nilibaki na kazi yangu. Siku ile basi lilinipita, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopata.

Nilikaa miaka kadhaa kabla ya kumtafuta. Nilimkuta kijijini kwake, si mbali na Maganzo, analima pamba na ana mizinga michache ya nyuki. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akanijibu vizuri kwa sababu alikuwa ananitazama mdomo. Nilikaa mbele yake kwenye mwanga, nikamweleza polepole yale ninayowaeleza ninyi leo. Akacheka. Akasema alijua tangu siku ileile: mkono wangu uliinama, ardhi haikutikisika. Alichojilaumu yeye ni kuiamini karatasi kuliko miguu yake. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza, na jambo hilo limenisumbua zaidi.

Nikafanya kosa la pili siku hiyo, kosa la mtu anayetaka kufariji bila kufikiri. Nilimwambia kwamba walau sasa amepata utulivu, kelele za dunia hazimfikii. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu ya kujumlisha.

"Karani, watu hudhani kiziwi yuko kimya," akasema. "Kichwani mwangu lile karasha halijazimwa hata siku moja. Nalala nalo, naamka nalo. Zile dakika za filimbi mlizokuwa mnazifurahia, mimi nilikuwa naziona kwenye nyuso zenu tu."

Sentensi hiyo nimeishi nayo. Mimi, kama wengi wenu, nilidhani kelele ni kero ya kupita, kwamba ukiondoka mashineni unaiacha mashineni. Kumbe kuna watu wanaondoka nayo. Fundi alianza na kompresa, akaja kwenye baruti, akipumzika anakaa karibu na karasha kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Hospitalini walimwambia kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Alipata dalili mapema: masikio yalivuma jioni akitoka kazini, asubuhi yakanyamaza. Kila mtu pale yalimvumia, kwa hiyo alidhani ndivyo masikio yalivyo. Mpaka asubuhi moja hayakunyamaza. Nawauliza ninyi mnaosaga mahindi, mnaochomelea mageti, mnaouza kanda: jioni yenu ikoje? Kwa kuwa kidonda cha sikio hakitoki damu, hatukiiti kidonda. Na mtu anayeanza kutosikia hatumwiti mgonjwa. Tunamwita mwenye maringo, asiyeitika akisalimiwa, mkali, mzito. Tulimwita hayo yote Fundi wetu.

Alichofanya na miaka iliyobaki ndicho ninachotaka kikumbukwe. Alichukua pamba ya shamba lake, akaisokota vidonge vidogo, akaichovya kwenye nta ya nyuki wake iliyoyeyushwa, ikiwa vuguvugu, na kuifinyanga ikae vizuri sikioni. Kila baada ya mavuno alijaza mfuko, akapanda gari mpaka kwenye makarasha, akawagawia watu. Wengi walicheka. Wengine walisema sikio likizibwa huwezi kusikia bosi akiita, na yeye, akisoma midomo yao, aliwajibu kwamba wasipoziba hawatamsikia hata akiwaita karibu. Mmoja mmoja walianza kuvaa. Ni dawa ya mtu maskini, najua. Lakini katika maduara yote niliyopita sijaona mwenye mali aliyeleta hata hiyo.

Alhamisi tulimzika. Nilipofika nyumbani kwake nilikuta jenereta na spika mbili kubwa zimewekwa chini ya turubai, kanda ya kwaya inalia mpaka mabati yanatetemeka, na waombolezaji wanapeana pole kwa kupiga kelele masikioni. Watoto wake walikuwa wamefanya kile ambacho sisi sote hufanya siku hizi kumpa marehemu heshima, nami sikuwa na ubavu wa kusema neno. Aliyesema ni mkewe. Jeneza lilipofikishwa kaburini aliinuka, akaenda mwenyewe hadi kwenye jenereta, akalionyesha kidole. "Zimeni," akasema. "Sasa amepumzika na lile la kichwani. Mwacheni."

Likazimwa. Kimya kikaja kama kilivyokuwa kikija machimboni, chote kwa mara moja. Nilisikia kamba zikiteleza kwenye mbao. Nilisikia ng'ombe wa jirani, na mtu akikohoa nyuma kabisa ya watu. Nikaona nyuso za wale waliopata kufanya kazi naye zikilegea, wengine wakifumba macho, na nikajua nini alichokuwa akikiona wakati ule alipokuwa akitutazama. Nikavua viatu, nikasimama peku kwenye udongo uliochimbuliwa. Somo aliloniachia si kubwa. Ni kwamba mtu asichore mstari kabla ya kusikia. Walianza kufukia kwa mabeleshi, na mimi nikahesabu kila beleshi, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho, na safari hii sikuhesabu hata moja ambalo sikulisikia.