Chungu Nilichowageuzia Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1991, Mkuu wa Kitalu alinipokea mlangoni mwa banda la vioo. Chuo chetu kidogo cha kilimo hakikuwa mbali na mji wa Kakamega. Alinionyesha vyungu viwili vya madungusi, ile mimea ya jangwani yenye miiba. Yalikuwa makavu na mabaya kutazama, nikadhani ananipa takataka nikatupe.

"Mama Ayuma, hizi hazinyweshwangi maji kila siku kama sukuma," akasema. "Na zikishaweka maua, usiziguse. Ukigeuza chungu hata kidogo, zinaangushanga maua."

"Sawa, Mzee," nikajibu. Nilisikia vizuri kabisa.

Kwetu mvua haikosi, kwa hiyo tuliyapanda kwenye changarawe, maji yasituame. Unadunga kijiti, kikitoka kikavu, unatia kikombe kimoja, basi. Kila dungusi lilichanua mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Ua lilifunguka jua likizama, jeupe, pana kama sahani, na kufikia wakati wa chai ya asubuhi limekwisha kunyauka. Tena halikuzaa kwa chavua yake lenyewe, yaani ule unga wa ua. Ilibidi uuchukue kwa brashi kutoka mmea wa pili, usiku huohuo, ndipo upate mbegu. Kila mwaka yalipishana, moja leo, jingine juma lijalo. Mzee alikuwa ameyalea miaka mingi, na kabla ya kustaafu hakutaka kitu kingine ila mbegu hizo.

Mwaka 1996 matumba mawili, maua ambayo hayajafunguka, moja kila mmea, yalivimba pamoja. Mzee alikuwa amebakiza mwezi mmoja kazini. Akamwalika mkewe, walimu wawili na Mkuu wa Chuo waje kushuhudia.

Mimi nimelelewa kuheshimu wageni. Siku nne kabla, nikafagia banda na kupanga mabenchi, nikaona tumba la chungu cha pili limeelekea ukutani. Mkuu wa Chuo aje akae atazame mgongo wa mmea? Nikakigeuza. Halafu nikakiosha vumbi kwa maji mengi. Nilikuwa na furaha siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alasiri ya siku yenyewe nilikuta tumba limeanguka kwenye changarawe. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakasifu ua moja lililofunguka. Brashi ilikuwa mfukoni mwa shati la Mzee. Hakuitoa.

Walipoondoka akaniuliza, "Nani amegeuza?"

"Ni mimi, Mzee. Ilikuwa sababu ya wageni."

Aliinama akaokota tumba lile. "Wageni wangezunguka tu, Mama Ayuma."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alistaafu mikono mitupu, na hatukuonana tena; niliitwa tu kwenye mazishi yake. Mmea wa chungu nilichokiosha ulioza mizizi. Mkuu mpya akataka nafasi ya nyanya, akaniambia nitupe kilichobaki. Nilikata kipande nikakipanda nyumbani, Chekalini.

Nimestaafu zamani. Vijana mkiniuliza kazi ilinifundisha nini, sina la kuwapa moyo. Kila kiangazi dungusi langu linachanua peke yake, na hakuna la pili la kulipa chavua. Asubuhi naokota ua likiwa limelegea kama kitambaa kilicholowa. Wageni wakija, nahamisha viti vyao. Chungu sikigusi.