Kithai cha Mama Karanja

Mama Karanja alipoanza kujifunza Kithai, aliyeteseka ni mimi. Ni landilodi wangu pale Waithaka, na ukuta wa jikoni kwangu ndio ukuta wa sebule yake. Asubuhi kabla sijaosha uso, redio yake inasalimia kwa Kithai, "Sawadii kaa!" Naye anaijibu kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, "Sawadii kaa!" Wacha we! Chai ngapi zimenifurikia nikicheka.

Lakini alikuwa na sababu. Kijana wake Karanja alienda kufanya kazi Bangkok, akaoa hukohuko, na msichana wao wa kwanza wakampa jina la nyanya yake, Wangui, vile Wakikuyu hufanya. Sasa Wangui mdogo ana miaka minne, anaongea Kithai tu, na Krismasi hiyo walikuwa wanakuja. Nyanya akimsalimia kwa simu, mtoto ananyamaza tuli mpaka baba yake amnyang'anye simu.

"Mama Odero, mtoto ana jina langu na ananiogopa," aliniambia siku moja tukichambua sukuma, na hakuwa na mzaha hata kidogo. "Akija hapa anikimbie, uso nitauweka wapi?"

Kaseti hiyo ya kujifunzia aliitoa mjini, kwa wale wauzaji wa vitabu vikuukuu kando ya barabara. Ilikuwa ya watalii. Nikamwambia, mama, hii inakufundisha kuuliza choo kiko wapi, na choo umejenga wewe mwenyewe! Akasema ninyamaze, neno ni neno.

Na huyu mama anajua njia moja tu ya kujifunza kitu, ile ya akina mama wa kanisa kwetu: unakariri yote, unasimama wima, unayatoa bila kupumua, unainama, unapigiwa makofi. Ukimkatiza katikati, anarudi mwanzo. Kithai nacho akakishika hivyohivyo.

Siku yenyewe ikafika. Mtoto akashuka kwa teksi, akatuona, akajificha nyuma ya mama yake, Noi. Mama Karanja akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akasimama katikati ya ploti, akafungulia. Hujambo, choo kiko wapi, hii ni pesa ngapi, ghali sana, usitie pilipili, asante! Yote kwa Kithai, kwa mpigo mmoja. Kisha akainama.

Karanja akaangalia viatu vyake. Noi akaziba mdomo. Mimi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi.

Mtoto hakutoka. Mama Karanja akabaki amesimama pale, na woi, nilimhurumia mpaka nikaacha makofi.

Halafu kichwa kidogo kikachungulia. Mtoto alikuwa ameulizwa bei, na bei alikuwa nayo. Akachuma jani kwenye ua, akamnyooshea nyanya yake, akataja namba.

Namba gani, mimi na Mama Karanja hatukujua. Redio ilikuwa imetafuna kaseti hapo penye namba. Lakini Mama Karanja ameuza mboga soko la Kawangware tangu Karanja yuko mgongoni, na kwake bei ya kwanza haijawahi kuwa nzuri.

"Peng!" akapaza sauti, mikono kiunoni. Ghali!

Mtoto akacheka, akataja nyingine.

"Peng! Ai, huyu anataka kuniua!"

Basi ikawa soko. Waliuziana majani, wakauziana mawe, wakauziana kiatu cha Karanja kikiwa mguuni mwake. Chapati zikapoa na hakuna aliyejali. Kufikia saa kumi mtoto alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, anamtajia bei ya kuku wa jirani.

Jua lilipoanza kushuka, Karanja akasema ni wakati wa kurudi hotelini Westlands, walishachukua chumba. Akanyoosha mikono amchukue mtoto. Wangui mdogo akaikaza mikono yake shingoni mwa nyanya, akaficha uso.

"Mai ao!"

"Mami, anasema ati hataki..." Karanja akaanza.

"Wee, koma kunitafsiria. Nimemsikia," Mama Karanja akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Na mimi nakwambia hivi, Karanja: mai ao."