Shamba la Mama Yake Jenerali

Juzi nilikuwa kwa kinyozi mmoja jirani na stendi hapa Tabora. Kwenye runinga alikuwa ameweka sinema ya jenerali wa Meksiko, iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Alizaliwa fukara, matajiri wakampora mama yake shamba, akashika bunduki, akapanda vyeo. Mwisho tukamwona amevaa suti, anahutubia bunge. Sote tukapiga makofi.

Kwenye kiti alikuwepo mkulima wa tumbaku, mzee, ananyolewa ili akamwone mbunge wa kwao kuhusu shamba lake mwenyewe lililomegwa. Akachomoa kidole chini ya kitambaa, akaelekeza kwenye runinga.

"Na lile shamba la mama yake?"

Kinyozi akacheka. "Mzee wangu, huyo keshakuwa mkubwa. Shamba la nini tena?"

 Mzee akavua kitambaa mwenyewe, shavu moja bado lina povu, akauliza basi la kurudi kwao linaondoka saa ngapi.

 Kinyozi aliirudisha sinema mwanzo, pale jenerali angali mtoto, hana viatu, na bado ni mtu wetu.