Sala Niliyomwombea Bibi Filomena

Juzi jirani yangu alirudi kutoka kusini akaniletea kiroba kidogo cha ming'oko. Kwa asiyeijua, ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inayochimbwa kwa taabu na kuchemshwa kwa chumvi. Nilipofunua sufuria, mvuke wenye harufu ya udongo ukanijaa usoni, na hapo hapo jikoni kwangu Morogoro nikawa mtoto wa miaka tisa aliyesimama mbele ya mlango wa Bibi Filomena, akiogopa kupiga hodi. Nitawaambia kwa nini. Kuna wakati niliamini kwamba nimemuua mtu kwa sala.

Tuliishi pembezoni mwa mji wa Mtwara, miaka ya tisini. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa Mbinga aliyehamishiwa huko kikazi, na baada ya muda mfupi familia za Kikatoliki za mtaani kwetu zikamchagua awe mwenyekiti wa jumuiya. Kila wiki tulikusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, tukasoma neno, kisha kila mtu akaomba kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na wengine wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Baba alisifika zaidi misibani. Sala zake za makaburini zilikuwa ndefu na tamu, na mama alipenda kumtania kwamba akishamwombea marehemu, marehemu hata akitaka kurudi ataona aibu.

Kaka yangu Festo alirithi kipaji hicho. Alitumikia altareni, na zamu yake ikifika aliwaombea Papa, maaskofu, serikali na wakulima wa korosho, hadi watoto wadogo wakasinzia. Mimi zamu yangu ilipofika, ulimi uliganda. Mama alinifinya pajani, nikatazama mkeka, na mtu wa pembeni akaendelea kwa huruma. Nilijua kwamba watu wanashangaa, mtoto wa mwenyekiti hana hata sentensi moja ya kumwambia Mungu. Nikajiambia kwamba imani iligawiwa kama vitabu vya shule, ikaishia madawati ya mbele. Niliumia sana, na sikumwambia mtu.

Wiki moja tulikwenda kwa Bibi Filomena. Huyu alikuwa Mmakonde aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji zamani za vita, mwenye chale usoni na sauti ya kukwaruza. Aliishi na mkwewe, Mama Tobia, kwenye nyumba ya udongo jirani na mikorosho. Homa ilikuwa imemwangusha, naye alilala kwenye mkeka katikati yetu, kafunikwa khanga mbili, macho kafumba. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Siku nzima nilikuwa nimekariri maneno ya baba, yale niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yote. Zamu yangu ilipofika sikungoja kufinywa.

"Ee Bwana," nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "mpokee mtumishi wako Filomena. Umfutie makosa yake, umpumzishe mahali pema, na sisi tuliobaki utupe moyo wa uvumilivu."

Ubaya wa mazoea ni kwamba nusu ya watu waliitikia. Wakaitikia vizuri kabisa, kisha wakatazamana. Mama alijifunika uso kwa mtandio. Hapo Bibi Filomena akafumbua jicho moja, akalizungusha chumba kizima mpaka likanipata.

"Nangu bado nipo," akasema. Nangu ni mimi, kwa Kimakonde.

Njiani kurudi mama alisema hajui ataweka wapi uso wake. Baba akanishika bega. "Sala ilikuwa nzuri, mwanangu. Ila mwenyewe hajafika huko." Nilisikia anabana kicheko, lakini mimi sikucheka. Mara yangu ya kwanza kumwomba Mungu jambo, nilikuwa nimemwomba amchukue mtu, na watu wazima wameitikia. Sasa niliogopa kwamba Mungu amenisikia.

Kesho yake, nikiwa bado na sare ya shule, nilikimbia hadi kwa Bibi Filomena nikasimama mlangoni. Sikuthubutu kuchungulia. "Hodi," nikaita.

"Nangu bado nipo. Karibu, mjukuu wangu."

Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule. Nilimchotea maji, nikakaa, tukasikiliza kuku wakiparua nje. Mezani palikuwa na bakuli la ming'oko ya moto, akaniambia nile. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa, kila saa kumi jioni, kuhakikisha sala yangu haijafanya kazi. Siku nyingine nilikuta miguu yake imelowa. Nikajua ni jasho la homa, nikaifuta kwa upindo wa khanga kwa uangalifu mkubwa, naye akatazama paa. Niliwahi kumuuliza nani anamchimbia ming'oko. Akasema Mungu ana watu wake.

Jumuiya iliyofuata, mzunguko ulipofika kwangu, mama hakunifinya. Nadhani aliogopa. Lakini mimi nilikuwa na habari, nikaitoa kama ilivyo. "Ee Bwana, Bibi Filomena leo amekunywa uji wote." Watu wakakohoa kuficha kicheko. Baba peke yake akaitikia kwa sauti nzito, "Twakuomba utusikie," na wengine wakamfuata.

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa sala yangu. Bibi alipoanza kuonekana nje na fimbo yake, watu walikuwa wameshazoea kuniuliza, "Devota, umepita kwa fulani?" Nikapita. Nilipita kwa mama aliyejifungua kwa shida, kwa mzee wa bandarini aliyevunjika mguu. Jumuiyani nilileta habari zao: huyu analala vizuri, huyu anamkumbuka mwanawe. Festo aliendelea kumwombea Papa. Sikumwonea wivu tena, ingawa bado niliona imani yake ni kubwa na yangu ni ya kubahatisha, iliyoanza kwa kosa.

Bibi Filomena alifariki kweli nilipokuwa chuoni, nikarudi Mtwara kumzika. Nilimkuta Mama Tobia uani anapepeta mchele wa msiba. Alinikumbatia, akalia kidogo, kisha akacheka katikati ya machozi.

"Bibi yako alinihangaisha kwa ajili yako," akasema. "Ile homa yake ilikwisha wiki ile ile. Asubuhi yupo porini anachimba ming'oko kwa jembe lake. Saa kumi ikikaribia, anarudi mbio, ananawa udongo miguuni, anajilaza. Nikimwambia, mama, umepona, inuka, ananijibu, niache, yule mtoto hajapona."

Nilikaa kwenye kinu. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namtazama mgonjwa. Kumbe mwanamke mzima, mwenye shamba la kulima, alijilaza chini kila jioni ili mtoto aliyeogopa sala yake mwenyewe apate mlango wa kupiga hodi na sauti ya kumwitikia. Sala ya namna hiyo sijasikia nyingine, na haikuwa na neno hata moja.

Makaburini, baada ya padri, watu walimgeukia baba kama zamani. Alikuwa amezeeka, kofia mkononi. Akanitazama, akasogea pembeni kunipisha. Yale maneno yake bado nilikuwa nayo yote, na siku hiyo yalikuwa mahali pake. Lakini sikuyasema. Nilisema la kwangu.

"Ee Bwana, leo nimepiga hodi kwa Bibi Filomena, hakuitika. Ameshanawa miguu, amejilaza, anamngoja mgeni. Pita kwake."

Watu wa jumuiya yetu ya zamani wakaitikia, "Twakuomba utusikie."