Kidonge cha Asubuhi Mwezi wa Ramadhani

Nilimwahidi binti wa bibi mmoja kwamba mama yake hatafunga Ramadhani. Tulikuwa langoni pa nyumba ya wazee, pembezoni mwa mji wa Nachingwea. Yeye alikuwa ameshapanda nyuma ya bodaboda, kiroba cha nguo kimebanwa kati yake na dereva. Alikuwa anarudi Mbwemkuru alikoolewa, kwenye palizi, maana mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na majani yalikuwa yanashindana na ufuta. Ramadhani iliyopita, alinieleza, mama yake alifunga akiwa peke yake nyumbani Nkowe huku akimeza dawa za kisukari, na majirani wakamkuta amelala kando ya kinu, hajitambui.

"Ukoo mzima unanisema kwamba nimemtupa mama," alisema. "Wacha waseme. Hapa kuna watu wa kumwangalia. Niahidi, kaka. Asifunge."

"Nakuahidi, dada."

Dereva akawasha pikipiki. Nilibaki langoni nikijihisi mtu mwenye jukumu zito na uwezo wa kulibeba. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi si zamani, nami niliamini, kama ninavyoamini mpaka leo, kwamba mzee kumezeshwa dawa yake ipasavyo ni sehemu ya kumheshimu, sawa na kumwamkia.

Nyumba yetu ni ndogo. Wazee wengi hawasomi, na wapo wanaofanana majina, kwa hiyo kila mmoja ana kikombe chake cha dawa kilichofungwa utepe wa rangi yake. Bibi huyu alichagua utepe wa kijani. Asubuhi nilizunguka na sinia barazani, nikampa kila mtu kikombe chake na maji, nikasimama mbele yake hadi ameze. Baadhi waliniona msumbufu. "Dokta huyu anatuangalia kama anatufuga," alisema babu mmoja, mfugaji kutoka Kanda ya Ziwa, ambaye wanawe walikuwa wamesogea na mifugo upande wa Ruangwa, wakamwacha kwetu kwa sababu ya mguu wake usiopona.

Yeye na bibi yule walitaniana kutwa.

"Ng'ombe wenu walinilia kunde zangu zote kule Nkowe," bibi alimwambia siku ya kwanza, kabla hata hajamjua vizuri.

"Walikuwa wageni, mayu," babu alijibu. Hilo ndilo neno la kwao la kumwita mama. "Mgeni mnamnyima chakula?"

"Mgeni anakula mpaka mizizi?"

"Kunde zako zilikuwa tamu. Walinisimulia."

Bibi alimtupia kipande cha ukili aliokuwa akisuka, akageukia pembeni ili asionekane anacheka.

Mwezi ulipoandama nilikaa na wazee wote waliokuwa wakitumia dawa. Daktari wa hospitali alikuwa ameshanieleza nani anaweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa na nani hawezi kabisa. Bibi alikuwa katika kundi la pili. Dawa yake, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ilikuwa ya aina inayoendelea kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Nilimweleza taratibu, kwa maneno mepesi. Alinisikiliza akiwa amenishika mkono.

"Haya, mjukuu wangu. Dini yenyewe imeniruhusu, nitaipinga mimi?"

Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha.

Sasa, kwetu huku mtu asiyefunga kwa ajili ya maradhi hali chakula mbele za watu. Mama zetu hula uani, nyuma ya jiko, kwa kuwastahi waliofunga. Nimekulia hivyo huko Chiola. Nimemwona mama yangu akiwa na mimba akila muhogo amejibanza nyuma ya rundo la kuni, akisikia mtu anakuja anaufunika kwa upande wa kanga. Basi asubuhi ya kwanza ya mfungo nilipomfikia bibi na sinia, alikiangalia kikombe, akaniangalia midomo yangu mikavu.

"Wewe umefunga," alisema.

"Nimefunga, bibi."

"Siwezi kunywa maji mbele ya mtu mwenye kiu. Nipelekee uani na uji wangu."

Lilikuwa ombi la adabu, nami niliona adabu kulikubali. Tangu siku hiyo kikombe chenye utepe wa kijani kilikwenda uani pamoja na bakuli la uji, mimi nikabaki barazani, na baadaye mpishi akavirudisha vyote vikiwa vitupu. Huko uani bibi alikaa na babu mfugaji, ambaye hakuwa na dini ya kumfungisha mwezi wowote.

Mfungo ulipokolea, babu alianza kunawiri. "Dokta," aliniambia akijipapasa tumbo, "mwezi wenu huu ni mzuri sana. Uji unanijia mara mbili." Nilicheka. Nilidhani mpishi amemwonea huruma.

Alasiri moja nilikuwa chumba cha dawa nikipanga vikombe vya jioni. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa kali juu ya matope. Nikasikia babu anaita kutoka barazani, na sauti yake haikuwa na utani.

"Dokta! Njoo! Mayu anatoka jasho kama ng'ombe aliyeswagwa mbali!"

Nilimkuta bibi ameegemea nguzo, ukili umemponyoka na kutapakaa miguuni. Kanga ilikuwa imelowa mgongoni. Mikono ilitetemeka. Alinitazama akaniambia nikamfungie mbuzi kwa sababu giza linaingia, na jua lilikuwa bado juu. Nilimchoma kidole. Kipimo kilionyesha kwamba sukari yake ilikuwa imeshuka vibaya.

Nilikoroga sukari kwenye maji, nikapiga magoti, nikampelekea kijiko mdomoni. Bado alikuwa na uwezo wa kumeza, na fahamu zilikuwa zinakuja na kuondoka. Alifumba mdomo.

"Bibi, kunywa."

Akatikisa kichwa.

"Bibi yangu, tafadhali. Ni maji ya sukari tu."

"Jua," alisema kwa taabu. "Jua halijazama. Nimefunga."

Hapo ndipo nilipoelewa mambo yote kwa mkupuo, hata ule uji wa mara mbili wa babu, na hapakuwa na nafasi ya kuyawaza. Nikamwambia Mungu amemruhusu. Nikamwambia atalipa siku nyingine. Nikamwambia kwamba asipokunywa anaweza asiione jioni. Nilizungumza kwa haraka na kwa elimu yangu yote, naye alizidi kuyabana meno. Kumlazimisha nisingeweza, maana maji yangempalia. Nilimwomba mpishi akimbilie barabarani kutafuta bajaji.

Babu alijikokota na mguu wake akakaa chini, ubavuni pa bibi.

"Mayu," alimwambia. "Hiyo dhambi nipe mimi. Mimi kwa Mungu wenu sijulikani, hata malaika wakiniandikia hawatajua waipeleke kwa nani."

Bibi alimtazama. Ilichukua muda maneno kumfika. Kisha uso wake ukalegea, kicheko kidogo kikamtoka, dhaifu, kama kikohozi, na midomo ikaachana. Nikaingiza kijiko. Akameza. Nikaongeza kingine, na kingine.

"Ng'ombe wako pia hawajulikani huko," alinong'ona baadaye kidogo, na nilipomsikia akitania niliinamisha kichwa nikashukuru.

Hatukuishia hapo, kwa sababu dawa ya namna ile huweza kuishusha sukari tena baada ya mtu kuonekana amepona. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Babu alitaka kuja, hakukuwa na nafasi ya mguu wake. Walimwekea dripu, wakampima mara kwa mara. Adhana ya magharibi ilinikuta nimekaa kwenye benchi kando ya kitanda chake. Muuguzi wa zamu alinipa tende, nami nikaila nikimtazama bibi akipumua.

Alipopata nguvu alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Wanawake wengine huweka humo hela. Yeye alitoa kidonge kimoja cheupe, kimeanza kumeguka pembeni kwa jasho.

"Hiki cha leo," alisema. "Usiseme nimezitupa dawa zako, mjukuu wangu. Cha asubuhi nakifunga hapa, jioni nakimeza pamoja na cha jioni. Sijapunguza hata kimoja."

Kwa hesabu yake alikuwa mwaminifu kabisa. Vidonge vyote vilikuwa vimeingia tumboni, ila viwili kwa pamoja kila jioni, kisha mchana mzima bila chakula. Nilimweleza kwa nini hesabu ile ilikuwa karibu kumwondoa duniani. Alinisikiliza, lakini niliona kwamba hofu yake haikuwa hapo.

"Bibi, ruhusa unayo. Uliniambia mwenyewe."

"Ninayo." Alilivuta shuka hadi kifuani. "Jioni mkeka unatandikwa, wenzangu wanasogea. Mimi nimeshiba uji wa mchana, nitasogea kufanya nini? Futari ni ya waliofunga. Nyumba yangu Nkowe imebomoka, shamba wanalima wengine. Nikikosa na mkeka ule, mimi ni mtu wa wapi?"

Chuoni tulifundishwa dawa sahihi, mgonjwa sahihi, kipimo sahihi, saa sahihi, njia sahihi, na ninayaheshimu mafundisho hayo. Yameokoa wengi na yangemwokoa yeye. Lakini kidonge chake kilikuwa kimemtenga na wenzake, na mtu akitengwa hutafuta njia ya kurudi.

Nilimpigia simu binti yake palepale nje ya wodi. Nilimweleza yote bila kupunguza. Nilisikia mvua upande wake.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi, dada."

"Amefunga siku zote hizo?"

"Zote."

Akaanza kulia, kisha, katikati ya kulia, akasema, "Mama huyu! Aliwahi kutuficha malaria wiki nzima ili asikose kwenda harusini." Asubuhi alifika na matope hadi magotini, amebeba mahindi mabichi na karatasi iliyokunjwa yenye vidonge alivyonunua dukani kwa kuwa jirani yake alivisifu. Nilimwomba anikabidhi, naye alinikabidhi. Alikaa na mama yake mpaka mchana wakichambua maneno ya ukoo.

Daktari alibadilisha dawa, akampangia bibi saa zinazofuata chakula, na akasisitiza tena asifunge. Sasa lilibaki suala la mkeka. Sheikh wa msikiti wa jirani alikuja kumjulia hali, akamweleza habari ya fidia, kwamba mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini.

"Nilishe maskini?" bibi aliuliza. "Sheikh, nitazame vizuri. Maskini mwenyewe unamwona nani hapa?"

Sheikh alicheka mpaka akavua kofia. Binti wa bibi akasema unga wa fidia atauleta yeye.

Aliyeumaliza mkanganyiko alikuwa mpishi, tena bila kukusudia. Alikuwa amefunga, na kila jioni alilalamika kwamba anapika kwa kubahatisha, maana hapendi kuonja akiwa na saumu. Bibi, aliyekuwa amerudi na kukaa uani, alimsikia.

"Lete mwiko hapa," alisema. "Mimi ninao mdomo usio na kazi."

Kuanzia jioni ile akawa yeye anayeonja futari ya nyumba nzima. Alisimama jikoni na mwiko, akaonja mbaazi, muhogo, uji wa pilipili manga, akaamuru. Chakula hakikutoka mpaka aseme kimekubali. Mkeka ulipotandikwa alitoka nacho, akaketi katikati, akawagawia waliofunga mmoja mmoja, mimi nikiwemo. Kwa kuwa mbali na kisukari alikuwa na presha iliyomnyima chumvi, na sisi sote akatunyima. Wazee walinung'unika.

"Mbaazi hizi zimechemshwa na maji ya mvua," mmoja alisema.

"Kula," bibi alijibu. "Mwenye ulimi hapa ni mimi."

Na kidonge chake anakimeza barazani, mbele yangu, na bakuli lake mkononi. Ilibidi tuelewane. Nilimwambia kwamba kumwona akinywa maji hakuniongezei kiu, na kwamba kutokumwona ndiko kunakonitesa. Asubuhi za mwanzo alifumba macho kwa haya alipokuwa akimeza. Babu, aliyerudishiwa bakuli lake moja la uji, alimsimamia akilalamika kwa sauti kubwa kwamba bibi amemkondesha.

Nawe unayesoma, ninakuomba jambo moja. Kama una mzee anayetumia dawa, awe nyumbani kwako au katika nyumba kama yetu, mpeleke kwa daktari kabla mwezi haujaandama, muulize kama afunge au asifunge na dawa imezwe saa ngapi. Akiambiwa asifunge, kaa naye anapokula na anapomeza, usimwache uani peke yake. Na jioni msogezee nafasi mkekani.